Daftari la Kisanduku

Kisanduku kilirudi kwa mara ya nne siku ya Jumatatu, kimefungwa kwenye taulo kama mgonjwa, na Fundi Uzi alipokiona tu alisonya. Mara tatu alikuwa amekifungua, akakipima, akakifunga na kukirudisha kizima. Mara tatu kilifika nyumbani kwa kaka yake kikafanya vituko vilevile. Mezani kwake kilikuwa kitulivu, chenye adabu zake zote. Kule kilipagawa. Na kitu kinachopagawa nyumba moja na kutulia nyingine, alijiambia, hakina ugonjwa, kina mtu.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye chumba kimoja cha kutengenezea redio, spika na vikuza sauti, chenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Jina la Uzi alipewa na wateja. Mwalimu wake wa zamani, fundi wa simu za mezani, alimfundisha kwamba waya zisizofungwa ni aibu, na tangu hapo hakuna kifaa kilichotoka mikononi mwake bila waya zake kuchanwa, kulazwa pamoja na kufungwa kwa uzi uliopakwa nta, fundo moja kila baada ya upana wa kidole. Mafundi wenzake walimcheka, mpaka wafungue kazi yake wenyewe. Alipenda kufunga kuliko kutengeneza kwenyewe, na hakuona haya kusema hivyo.

Kisanduku kilikuwa cha Mama. Masikio ya Mama yalikuwa yamekwisha kwa miaka zaidi ya miwili, na vile vifaa vidogo vya kuingiza sikioni vilimshinda, kwa sababu vidole vyake vilikakamaa kwa baridi yabisi na havikuweza hata kufungua kifuniko cha chupa. Fundi Uzi akaamua kumtengenezea chake mwenyewe: kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni, juu kina maikrofoni, pembeni inatoka waya ya spika za masikioni, na mbele kuna vitufe viwili vikubwa, kimoja cha kijani na kingine chekundu. Redio za zamani sauti huongezwa kwa swichi ya kuzungusha. Hiki hakikuwa na cha kuzungusha. Ndani yake kulikuwa na chipu ndogo kuliko ukucha, potenshiometa ya kidijitali, yenye ngazi mia moja. Ukibonyeza kijani, sauti inapanda ngazi moja. Ukibonyeza chekundu, inashuka moja. Siku Mama alipozivaa zile spika mara ya kwanza, alisikia maji yakimiminwa kwenye glasi, akaomba yamiminwe tena.

Wiki mbili baadaye vituko vikaanza. Mama ameketi zake kwenye kiti, hajagusa kitu, sauti inapanda yenyewe mpaka juu kabisa na kumpigia mluzi masikioni. Anazing'oa spika kwa mikono yote miwili. Siku nyingine sauti inaporomoka mpaka chini, anabaki kutazama midomo ya watu ikichezacheza. Akaanza kukiogopa.

"Kinaniuma," alisema, akakisukuma mbali mezani.

Fundi Uzi alimshuku kwanza muuza vipuri, kwa kuwa muuza vipuri ni wa kushukiwa kwanza siku zote. Akatoa ile chipu, akatia nyingine iliyotoka duka jingine. Kisanduku kikarudi. Akaishuku betri, akaibadilisha, na vitufe akavibadilisha pamoja nayo. Kikarudi. Akalehemu upya kila kiungo kimoja kimoja, akafunga waya zake kwa uzi mpya, safari hii mafundo yakiwa ya karibu zaidi. Kila mara alikijaribu kwa namna moja: alivaa spika, akaketi mbele yake, akahesabu moja mpaka mia kwa sauti yake ya chini, sauti ya mtu anayeshinda peke yake chumbani. Hakuna ngazi iliyocheza.

Mara ya tatu alifanya ujanja wa mafundi. Baada ya kukaza skurubu nne za kifuniko, alipaka kila moja tone la rangi nyekundu ya kucha. Anayefungua lazima apasue rangi. Kisanduku kiliporudi Jumatatu ile, aliitazama rangi kwa kioo cha kukuzia. Ilikuwa nzima, haina hata ufa. Mtu mwingine angeshusha pumzi na kusema basi, hakuna aliyekigusa. Fundi Uzi alikunja uso.

"Kumbe hafungui," alisema peke yake. "Anabonyeza."

Huyo anayebonyeza hakuhitaji kumtaja. Kaka yake alikuwa dereva wa lori, wiki tatu kati ya nne yuko njiani, na nyumbani kwake walibaki watu wawili: Mama, na mke wa kaka, yaani wifi yake, mshonaji mwenye cherehani sebuleni. Wifi alikuwa na sauti. Haikuwa nzuri wala mbaya, ilikuwa nyingi. Akikupigia simu unaiweka mezani na kuendelea na kazi, na bado hupitwi na neno. Fundi Uzi hakuwahi kuipenda, hasa kila alipomsikia akimsemesha Mama kwayo. Tangu lini mama mkwe akafokewa hivyo? Alikwisha kuliweka hilo moyoni siku nyingi, na sasa likapata mwenzake. Mama alipokuwa hasikii, Wifi alikuwa huru kusema chochote kwenye simu mbele yake. Sasa Mama anasikia. Kuna mambo mke wa mtu asingependa mama mkwe ayasikie, na vitufe viko wazi mbele ya kisanduku, havina kufuli. Ushahidi wa hayo hakuwa nao, ila hakika alikuwa nayo tele.

Ushahidi ulikuja ndani ya taulo. Mara ile ya tatu alimpa Mama daftari, akamwandikia kwenye ukurasa wa kwanza: *Kila kikiharibika, andika saa na aliyekuwepo.* Mama alikuwa karani wa ghala kwa miaka thelathini, na humwambii karani wa ghala aandike kitu ukapata makorokocho. Alikuwa amepiga mistari kwa rula. Tarehe, saa, aliyekuwepo, na safu ya nne aliyoiongeza kwa akili yake: alichosema. Kulikuwa na mistari kumi na mmoja. Fundi Uzi aliteremsha kidole kwenye safu ya tatu. Mke wa mwanangu. Mke wa mwanangu. Mke wa mwanangu. Kumi na moja kwa kumi na moja. Moyo ulimwenda mbio kwa ile furaha mbaya ya kuona ulikuwa sahihi, na daftari akalifunga papo hapo.

Alimpigia kaka yake.

"Jumamosi namchukua Mama, aje kukaa kwangu."

"Mama anasemaje?" Nyuma yake injini ilikuwa ikinguruma.

"Mama hasikii. Atasemaje?"

Kaka alikuwa mtu wa kupenda amani, hasa ile inayopatikana mbali na nyumbani. "Haya," alisema, "nyinyi wenyewe mtajua."

Jumanne Fundi Uzi alikwenda kwa Mama wakati Wifi ametoka kununua vitambaa, akamwandikia habari hiyo kwenye karatasi. Mama aliisoma mara mbili. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akakaa akitazama kile kiti kitupu cha cherehani. Fundi Uzi alimshika mkono, wakakaa hivyo nusu saa, kama walivyokaa kila Jumapili, yeye akitabasamu na kuchungulia simu yake. Alipoondoka aliona amefanya jambo la maana. Alikwenda moja kwa moja kununua godoro.

Siku zilizobaki alizitumia kukipima kisanduku. Hakuwa tena anatafuta ubovu; alitaka kuthibitisha kuwa hakina ubovu, ili siku ya siku asitokee wa kusema ni mashine. Ile chipu ilikuwa na nusu mbili zinazopanda na kushuka pamoja, na yeye alitumia moja tu. Akaunganisha mita kwenye nusu isiyo na kazi, ili namba ya kioo chake imwonyeshe kila wakati chipu imesimama ngazi ipi. Jumatano mbili nukta moja. Alhamisi mbili nukta moja. Ijumaa asubuhi kisanduku kilikuwa wazi mezani, kimewashwa, spika zake zimelala kando, na namba ni ileile.

"Hodi!"

Alijua ni nani kabla mtu hajafika mlangoni. Wifi aliingia na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, ameacha kazi katikati.

"Karibu," Fundi Uzi alisema bila kuinuka.

"Sijaja kukaa, wifi. Nimesikia kesho unamchukua Mama. Nimesikia kwa Mama mwenyewe, kanionyesha karatasi. Wewe hukuniambia." Alikuwa akijitahidi kusema polepole, kama mtu asiyetaka ugomvi uanze na yeye. "Nataka kujua kosa langu."

Fundi Uzi alilisukuma daftari mbele yake. "Soma hapo. Mara kumi na moja. Kila kinapoharibika, aliyekuwepo ni wewe. Mimi chipu nimebadilisha, betri nimebadilisha, vitufe nimebadilisha. Kitu pekee ambacho sijabadilisha ni wewe."

Wifi alisoma. Alisoma ukurasa wote, taratibu, mpaka chini, midomo ikicheza.

"Unasema nabonyeza."

"Mimi sisemi. Daftari ndilo linasema."

Wifi aliweka mikono yote miwili kiunoni, akavuta pumzi, na zile adabu alizokuja nazo zikaishia hapo.

"Mimi! Mimi nimbonyezee Mama vitufe ili asisikie? Mimi ninayemwogesha? Mimi ninayemkata kucha? Nipate nini? Hebu niambie, wifi, nipate nini!"

Kwenye meza spika zilianza kupiga mluzi.

Fundi Uzi aligeuka. Namba kwenye mita ilikuwa mbili nukta sita. Ikawa tatu nukta nne. Ikapanda mbio mpaka nne nukta tisa, na mluzi ukawa mkali wa kutoboa. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa juu ya magoti. Mikono ya Wifi ilikuwa kiunoni, hatua tatu kutoka mezani.

"Nyamaza kidogo," alisema.

"Sinyamazi! Umeninyamazisha vya kutosha, unapanga mambo ya nyumba yangu kwenye vikaratasi!"

Namba iliporomoka mpaka sifuri, mluzi ukakatika, kisha ikaanza tena kupanda, nukta tano, moja nukta mbili.

"Wifi, nakuomba. Nyamaza kidogo tu."

Pengine ni lile neno nakuomba, ambalo halikuwahi kutoka kinywani mwa Fundi Uzi kuelekea kwake. Wifi alinyamaza. Namba nayo ikasimama.

"Sasa sema tena."

"Niseme nini?" Wifi aliuliza kwa sauti ya kawaida, na namba haikusogea.

"Si hivyo. Sema kama ulivyokuwa unasema. Nigombeze."

Wifi alimtazama kama anayepima kama mtu huyu ana homa. Lakini kugombeza wakati huo hakukuwa kazi ngumu. Alimgombeza. Alianza na godoro, ambalo habari zake zilikuwa zimemfikia, akaja kwenye Jumapili, na namba ikapanda na kuanguka, ikapanda na kuanguka, huku hakuna kiumbe aliyegusa kitufe.

Fundi Uzi aliinama juu ya kisanduku. Ndani mle, zimelala pamoja kwa unadhifu wa ajabu, zilikuwa waya za vitufe zinazokwenda kwenye chipu, na waya inayobeba sauti kwenda kwenye spika. Yeye ndiye aliyezilaza. Yeye ndiye aliyezibana kwa uzi wa nta, fundo baada ya fundo, na kila kisanduku kiliporudi alizibana zaidi. Mtu akisema kwa sauti ya chini, waya ya sauti hubeba kidogo, na jirani zake hawajali. Mtu akipaza sauti, waya hiyo hutikisa zile zilizoshonwa nayo, na chipu, isiyojua tofauti ya kidole na mtikisiko, huhesabu kuwa kitufe kimebonyezwa. Ikihesabu kijani, sauti inapanda, mtikisiko unazidi, inahesabu tena, mpaka juu. Ikihesabu chekundu, inashuka mpaka Mama anabaki kiziwi. Mafundi wote waliokuwa wakimcheka, wenye waya zilizotapakaa kama nywele za mtu aliyeamka, kisanduku chao kisingefanya hivi hata siku moja.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Mkosaji ni mimi. Ni huu uzi."

Alichukua kisu kidogo. Akakata mafundo yote, moja moja. Waya ya spika aliipitisha upande wake, mbali na nyingine. Akalehemu rezista mbili za kuzishika waya za vitufe zisiyumbe, na kapasita moja ndogo ya kumeza mitikisiko miguuni pa chipu, kisha kwa vitufe akairudisha namba kwenye mbili nukta moja. Wifi alisimama palepale, mikono sasa imeshuka, akitazama moshi wa risasi ya kulehemu.

"Nigombeze tena."

"Hasira zimeisha."

"Basi mwite Mama. Kama unavyomwita siku zote."

Wifi alijaza kifua. "Mama! Chai iko tayari!"

Nje mtu aliyekuwa akipita aligeuka. Namba ilibaki mbili nukta moja.

Chai iko tayari. Fundi Uzi alilivuta daftari, na kwa mara ya kwanza akaisoma safu ya nne. *Alisema chai iko tayari. Alisema leo kuna baridi, nivae sweta. Alisema mwanangu amefika salama alikokuwa anakwenda. Aliuliza kama mgongo umepoa. Alisema chai iko tayari. Alinisimulia habari za mteja aliyekataa gauni, tukacheka.* Alisoma mpaka mwisho, na uso ukamwaka moto kwa aibu.

"Wifi," aliuliza bila kuinua macho, "hivi sauti hii ulizaliwa nayo?"

Wifi alicheka kidogo, cheko lisilo na raha. "Muulize kaka yako. Alipokuwa ananiposa alilalamika kila siku, sema basi, mbona unanong'ona." Alianza kuikunja ile tepu ya shingoni. "Halafu Mama akaacha kusikia. Nyinyi mlikuja, mkamshika mkono, mkatabasamu, mkaondoka. Mimi nabaki naye kutwa. Niliona anakauka. Nikasema huyu lazima asemeshwe, hata kama ni kwa kupasua koo. Miaka miwili, wifi. Sasa siwezi hata kumsemesha mtoto mchanga bila kumtisha."

"Nimekukosea," Fundi Uzi alisema. "Nimekukosea sana. Nisamehe."

"Nimesikia," Wifi alijibu, akaenda zake.

Hakusema amesamehe, na Fundi Uzi hakuthubutu kumfuata kuuliza.

Jumamosi alikwenda kwa miguu, kisanduku mkononi. Alimkuta Mama ameketi karibu na mlango, amevaa viatu vyake vya kutokea, begi miguuni, mikono imelala juu ya mapaja kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Wifi alikuwa kwenye cherehani, amewapa mgongo, na cherehani haikuwa na kitambaa.

Fundi Uzi alipiga magoti mbele ya Mama, akamvisha spika.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia. Gari liko wapi?"

"Hakuna gari, Mama. Huendi popote, ila ukitaka mwenyewe."

Mama alimtazama, akalitazama begi, kisha akaanza kuvua viatu kwa kusukuma kisigino kwa kidole cha mguu, kimoja, halafu kingine. Kwenye cherehani Wifi alikuwa amegeuka.

"Mama! Chai?"

Ilitoka kwa nguvu zote, mazoea ni mazoea. Fundi Uzi aliitazama mikono ya Mama. Haikuinuka kwenda masikioni. Ilibaki pale pale mapajani, imetulia.

"Mbona unanipigia kelele?" Mama alisema. "Nasikia."

Wifi alifunika mdomo. Alijaribu tena, akiitafuta ile sauti yake ya zamani, na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo tu. "Mama, chai?"

"Sasa hiyo nayo ndogo mno."

Walicheka wote wawili, Wifi huku akifuta macho kwa pindo la nguo, akainuka kwenda jikoni. Fundi Uzi hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti, daftari mkononi, na kulikuwa na jambo lililomsumbua tangu jana asubuhi.

"Mama, mistari yote kumi na mmoja umemwandika yeye. Na wewe ulikuwa unamshuku?"

"Nimshuku kwa lipi?"

"Basi mbona kila mahali ni yeye tu?"

Mama alilichukua daftari, akalifungua ukurasa wa kwanza, akamwonyesha maandishi yake mwenyewe.

"Uliniambia niandike aliyekuwepo," alisema. "Ulitaka nimwandike nani?"